Bibi Aliyetoka Shimoni

Siku ya kwanza ulikuwa mchanga kwenye wali. Haukuwa mwingi, punje chache tu nyeupe zilizolia menoni, na Marhayati alipozisikia hakutema. Alitafuna, akameza, akachota tonge jingine. Mumewe, Bustami, ndiye aliyesukuma sahani.

"Mama Zulfan, mchele huu umeuosha kweli?"

"Mara tatu."

"Kwa maji au kwa matope?"

Zamani utani kama huo ungemrudia Bustami na riba juu. Marhayati alikuwa na ulimi, na kijiji kizima kilijua. Lakini tangu mvua za mwaka jana alikuwa mtu wa kujibu alichoulizwa, basi. Aliivuta sahani ya mumewe, akauchambua wali kwa vidole, akamrudishia. Binti yao Nurlela, wa miaka sita, alikuwa anakula mchuzi wake wa samaki na nanasi kwa raha zake, na mchanga ulikuwa unasikika kinywani mwake, kru, kru, kama anatafuna sukari guru.

Bado walimwita Mama Zulfan kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuanza kumwita Mama Nurlela. Zulfan alikuwa wa kwanza. Alizama akiwa na miaka tisa, miezi minane iliyopita, kwenye shimo la nyuma ya nyumba.

Shimo hilo zamani lilikuwa shamba la pilipili manga la mama yake Marhayati. Chini ya pilipili kulikuwa na mchanga mweusi wa bati, na pale kisiwani Bangka ukishakuwa na mchanga mweusi chini yako, pilipili zako zinahesabu siku. Katapila lilikuja, likachimba miezi mitatu, likahamia kwa jirani. Bati lilikwenda kiwandani, kutoka kiwandani likavuka bahari, likageuzwa vile vitone vya kulehemu vinavyoshikanisha matumbo ya simu. Mvua ikajaza shimo. Maji yake yalikuwa na rangi ya bluu nzuri mno, hata vijana wa mjini walikuwa wanakuja na pikipiki kujipiga picha, wanageuza shingo huku na huku, kisha wanaondoka. Wenyeji walibaki na kisima chenye maji ya rangi ya chai na mto uliojaa tope hadi samaki wakasahaulika. Walilalamika mwaka wa kwanza. Baadaye wakachoka, maana kila nyumba ilikuwa na shimo lake, na utamlalamikia nani kitu ambacho na wewe unacho?

Baada ya mchanga ikaja harufu.

Yeyote aliyekulia pale anaijua harufu ya pilipili manga iliyoloweshwa. Unaitia pilipili kwenye magunia, unaizamisha mtoni siku kumi mpaka ganda lioze, ndipo unaisugua ikawa nyeupe. Inanuka kitu kilichokufa na kitu cha kuliwa, vyote kwa pamoja. Mama yake Marhayati alinuka hivyo maisha yake yote, hata siku za Idi. Lakini tangu shamba lichimbwe, mwaka wa nne huo, hakuna mtu katika nyumba ile aliyelowesha pilipili hata kiganja kimoja. Na bado, kila mchana adhana ya adhuhuri ikikaribia, jikoni kulinuka magunia yaliyotoka mtoni.

Marhayati aliisikia, akafunga dirisha. Harufu ilikuwa ndani. Akafungua dirisha, akaenda zake kuosha mchanga.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Bustami alikuwa baharini wiki nzima, kwenye chelezo chenye pampu, wakifyonza mchanga wa chini ya bahari, maana wa nchi kavu ulikuwa umekwisha. Yeye alibaki kuokoteza masalia. Kila siku alisimama kwenye maji hadi magotini, pembeni mwa shimo lile lile lililommeza mwanawe, akitikisa bakuli la mbao, sha, sha, sha, mchanga mweupe ukimwagika na mweusi ukibaki chini. Watu walimshangaa. Walisema ana moyo wa jiwe. Hakuwa na moyo wa jiwe, alikuwa na ganzi. Ilianzia miguuni kwa sababu ya maji, ikapanda, na siku ilipofika kifuani hakuhangaika kuizuia. Jioni alikaa kitandani na simu, akaitazama ile video ya Zulfan ya sekunde kumi na tisa mara tano, mara kumi, na hakusikia kitu. Lakini siku asiyoitazama hakuimaliza.

Jumanne moja alirudi mapema, mguu ukiwa umechubuka. Nyumba ilikuwa kimya. Alipoweka bakuli lake ukutani alisikia bakuli jingine linatikiswa.

Sha. Sha. Sha.

Sauti ilitoka jikoni. Ilikuwa ya mkono uliozoea kazi, haukuharakisha. Marhayati alisimama sebuleni akiisikiliza, akajikuta anahesabu naye, kisha ikakoma. Aliingia. Hapakuwa na mtu. Sakafu ilikuwa imelowa, na katikati palikuwa na mchanga mweupe uliosawazishwa vizuri kwa kiganja, na juu ya mchanga ule palikuwa na alama ya mkeka, msuko wake unaonekana ukindu kwa ukindu.

"Mama, usikanyage hapo," Nurlela alisema nyuma yake kwa sauti ya chini. "Bibi ametandika."

"Bibi gani?"

"Bibi wa shimoni. Ametoka kununua chumvi."

"Nurlela, mimi sitaki mchezo."

"Si mchezo. Kahamia kwetu. Kaja na mkeka na ungo na gunia la pilipili. Anasema yeye hana ugomvi na mtu." Mtoto alikuna pua. "Anasema tubadilishane nyumba. Yeye akae kwetu, sisi tukae kwake. Lakini mmoja mmoja, tusisukumane. Kaka Zulfan keshahama."

Marhayati aliungoja woga. Alijua mama mwingine hapo angepiga ukunga, angembeba mwanawe akakimbia naye hadi msikitini. Woga ulikuja polepole, kama damu inavyorudi kwenye mguu uliokufa ganzi, kwa sindano moja moja. Alichukua fagio, akaufagia mchanga ule, akautupa nje. Kesho yake mchana ulikuwa pale pale, umesawazishwa, na sasa alama za mikeka zilikuwa mbili, mkubwa na mdogo.

Tangu siku ile mtoto alianza kupoa. Marhayati alimshika paji la uso akitafuta homa akakuta ubaridi wa kuta za kisima. Nywele zake zilikuwa mbichi wakati hakuoga, nyayo zake zilikuwa nyeupe kwa mchanga wakati hakutoka, na chakula alikuwa anakigusa tu kwa adabu, kama mgeni aliyekwisha kula kwingine. Vitu vyake navyo vikawa vinapungua ndani ya nyumba, leo ndara, kesho kikombe chake chenye picha ya sungura, keshokutwa kitana, na ukimuuliza viko wapi anakujibu bila kuficha, "Nimetanguliza."

Siku ya Jumatatu Marhayati alikuwa majini anatikisa bakuli, jua liko utosini, adhana ya adhuhuri inaanza kule kijijini, aliponusa pilipili zilizooza, nzito kuliko siku zote, akainua kichwa akaona ng'ambo ya shimo Nurlela anateremka ukingoni amebeba mto kwapani na sahani kichwani, anateremka taratibu akichagua pa kukanyaga kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba anayoijua, na mchanga haukuporomoka chini ya miguu yake ingawa ukingo ule hauwezi kubeba hata paka, na maji mbele yake, yale maji ya bluu wanayopigia picha, yalikuwa yamefunguka kidogo, kama pazia linavyoshikwa upande mmoja na mwenye nyumba anayemkaribisha mtu. Marhayati alipiga kelele. Ilikuwa mara ya kwanza kupaza sauti kwa miezi minane, na sauti yenyewe ilitoka imeota kutu. Alikata maji, akaanguka, akainuka, akamfikia mtoto maji yakiwa yamemfika kiunoni, akamvuta kwa nywele.

"Mama unaniumiza," Nurlela alilalamika. "Si kesho ungenifuata tu?"

Hakurudi nyumbani. Alimbeba mtoto mgongoni, amelowa vile vile, moja kwa moja kwa Mzee Mahbor.

Mahbor alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake, na alikuwa mganga wa mashimo. Pale shimo halifunguliwi hivi hivi. Kwanza huitwa mganga, akaketi chini, akamwomba mwenyeji asiyeonekana wa pale chini ahame kwa muda. Humtajia muda mbele ya watu, kwa sauti. Mwenyeji hukusanya vitu vyake akaenda, watu wakachimba, na muda ukiisha shimo huzibwa ili arudi kwake. Ndivyo walivyofanya mababu waliochimba kwa majembe. Kwenye shamba la pilipili Mahbor alitaja miaka mitatu, na Marhayati mwenyewe ndiye aliyepeleka sahani ya wali wa manjano na yai. Wote waliitikia amina, hata dereva wa katapila.

Alimkuta mzee kibarazani anakata kucha. Alipoona mtoto anavyotetemeka juani, aliweka wembe chini.

"Mchanga kwanza, au harufu?"

"Mchanga." Marhayati alikaa. "Mjomba, ulijua?"

"Niliombea miaka mitatu. Tumemaliza mitatu na miezi tisa."

"Na hukutuambia?"

"Niwaambie nini, Yati? Mzibe? Kwa nini? Mchanga wenu uko mtoni, uko kwenye matumbawe, uko kwenye barabara ya mjini. Hata mngeuza nyumba msingepata wa kujaza nusu." Alizungumza kwa sauti ya chini, akitazama mlangoni mwake mwenyewe. "Nimefungua mashimo arobaini na saba mimi. Hakuna hata moja lililozibwa. Unadhani nyumba inayonuka pilipili ni yako peke yako? Hapa kwangu wamelala watatu."

Marhayati alitazama ndani. Aliona tu chumba, na mchanga mweupe kizingitini.

"Mimi sitaki habari za mashimo yote," alisema. "Namtaka huyu. Nimebaki na huyu."

Mzee alifikiri. Mwishoni alisema kwamba kufukuza hawezi, maana mwenyeji hafukuzwi kwa kudai chake, ila anaweza kumwomba muda mwingine. Na safari hii maneno matupu hayatapokelewa. Itatakiwa rehani.

"Lazima kiwe kitu kilichotoka kwake mle shimoni. Na kiwe kinakuuma kukitoa. Kuna bati lolote nyumbani?"

"Bustami alipeleka lote kiwandani, mpaka la chini ya kucha."

"Liko lililorudi." Mahbor alinyoosha kidole kwenye mfuko wa gauni lake. "Hebu ifungue simu hiyo uone vile vitone. Vinakwenda ng'ambo vumbi, vinarudi vinang'aa. Yeye anavinusa tu. Kwani unadhani alifuata nini mpaka chumbani kwako?"

Marhayati aliufunika mfuko kwa mkono.

"Si simu, Mjomba. Chochote. Si simu."

"Basi hiyo ndiyo," mzee alisema, na hakufurahi kusema.

Kwenye simu ile ndimo alimobaki Zulfan. Sekunde kumi na tisa. Marhayati hakumwambia mtu yeyote ilivyokuwa, hata Bustami. Siku ile mtoto alikuwa anaruka kutoka ukingoni hadi kwenye gogo, anarudi, anaruka tena, anacheka, "Mama, niangalie! Mama, niangalie!" na yeye akamrekodi. Video inaishia kwa sauti yake mwenyewe ikisema, "Ngoja kwanza." Alisema hivyo kwa sababu alitaka kuona imetokaje. Aliinamisha uso kwenye kioo, akaitazama mara moja, akatabasamu jinsi mwanawe alivyopendeza, akairudia. Alipoinua macho gogo lilikuwa tupu na maji yametulia. Mtoto alizama mbele yake huku yeye anamtazama.

Walikwenda shimoni siku ya pili, adhuhuri. Mahbor aliketi ukingoni bila viatu, akazungumza na maji kwa sauti ya mtu anayemwomba mwenye nyumba wake, kwa unyenyekevu na aibu kidogo. Aliomba miaka mitatu mingine. Akaahidi kwa niaba ya Marhayati: hiki kinarudi kwako, na cha aina yake hakitaingia tena ndani ya nyumba ile muda huo wote. Kikiingia, mapatano yamevunjika.

"Umesikia, Yati? Kisiingie tena."

"Nimesikia."

"Tupa."

Aliomba aitazame mara moja ya mwisho. Mzee alikataa. Basi akaitupa. Ilizama kwa mlio mdogo ambao haukulingana na kitu chenyewe, na pale pale ganzi ilimtoka yote kwa mkupuo, kuanzia kifuani hadi nyayo, akakaa kwenye mchanga akalia kilio cha miezi minane mpaka sauti ikakauka. Nurlela alimtazama, akamgusa bega. Mkono wake ulikuwa na joto.

"Mama, kuna vibanzi vya samaki? Nina njaa."

Siku tisa nyumba ilikuwa nyumba. Wali ulikuwa mweupe na laini. Jikoni kulinuka kitunguu. Nurlela alikula, akavunja sahani, akachapwa, akalia kama mtoto yeyote. Marhayati naye aliumwa. Kila kitu kilimuuma, viatu vya Zulfan chini ya kitanda, jina lake, hata jua la asubuhi. Hakujua kama angeweza kuishi hivyo. Mkono wake ulikuwa unakwenda mfukoni mara hamsini kwa siku, unakuta mfuko.

Siku ya kumi ilikuwa Ijumaa. Bustami alirudi kutoka baharini amenyoa, na ana uso wa mtu mwenye siri. Alikwisha kusimuliwa habari za rehani wiki iliyotangulia, na alisikiliza kwa heshima, akazitia kwenye fungu la huzuni ya mkewe.

"Fumba macho, Mama Zulfan."

"Sifumbi."

"Haya, usifumbe." Akamwekea mkononi. Ilikuwa mpya, nyepesi, bado ina karatasi yake usoni. "Mambo ya Mjomba Mahbor nayaheshimu, lakini mtu ataishije bila simu, jamani? Halafu kuna kitu. Wifi yako Rosmala wa mjini Pangkalpinang alikuwa nayo ile video. Mimi nilimtumia kwa simu yako wakati ule, nikasahau. Imo humo. Iangalie."

"Itoe nje, Bustami. Itoe nje sasa hivi."

"Iangalie kwanza, halafu tutaongea. Nachelewa msikitini."

Akaondoka amevaa kofia yake. Ijumaa adhuhuri kijiji kizima hakina mwanamume, ni wanawake na watoto na mbwa. Marhayati alisimama na ile simu mkononi. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na hatua thelathini zilitosha kulifikia shimo. Alizipiga tano, hadi mlangoni. Miguu ilianza kumfa ganzi, na baada ya siku tisa za maumivu ilikuwa kama kuwekewa kitambaa cha maji baridi usoni. Akakaa kwenye ngazi ya mlango. Mara moja tu, alijiambia, halafu naitupa.

Zulfan akaruka. "Mama, niangalie!"

Nyuma yake, chini ya miti ya pilipili ambayo mwaka jana haikuwepo tena, bibi mmoja aliketi kwenye mkeka, anachambua pilipili kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Pembeni ya mkeka wake ulikuwapo mwingine mdogo, mtupu. Marhayati aliyaona yote hayo, akayaelewa yote hayo, na kidole chake kikabonyeza tena.

Nyumba ilinuka magunia yaliyotoka mtoni.

"Mama," Nurlela aliita kwa sauti ya chini. Alikuwa amesimama kizingitini, mto uko kwapani, nywele zinachuruzika maji. "Bibi amerudi. Anasema mmevunja ahadi, kwa hiyo ni zamu yangu kuhama. Niende?"

Kwenye kioo Zulfan alikuwa hewani, mikono ameifungua, anacheka. Zilibaki sekunde mbili.

"Ngoja kwanza," alisema Marhayati, na simu ikayasema pamoja naye.

Akairudia. Alipoinua macho, kizingitini hapakuwa na mtu. Jikoni, mtu alikuwa anatandika mkeka.